Oda Si Pesa: Kilichoipata Cisco Mwaka 2001

Wasee, wacha nianze na aibu yangu. Mwaka jana nilitangaza tisheti zangu mtandaoni, nikasema ziko chache. Watu 63 wakaniandikia "niwekee moja". Nikakopa kwa simu, nikachapisha 60 pale River Road. Waliolipa walikuwa 19. Zile 41 bado ziko chini ya kitanda, na mamangu ameshaanza kupangusia meza na moja.

Kumbe kuna kampuni kubwa iliwahi kuingia shimo hilo hilo, ila hesabu yao ilikuwa na sufuri nyingi zaidi.

Cisco ilianzishwa California mwaka 1984. Inauza ruta na swichi, mitambo inayopitisha data kwenye intaneti. Mwishoni mwa miaka ya tisini kila mtu alikuwa anajenga mtandao, na wengi walinunua kwa Cisco. Robo baada ya robo, faida yake ilipita kidogo makadirio ya wachambuzi wa Wall Street. Wawekezaji wakazoea, ikawa kama mshahara. Machi 2000 hisa moja ilifika kama dola 80, na kwa muda mfupi Cisco ikawa kampuni yenye thamani kubwa zaidi duniani, zaidi ya dola bilioni 500.

Shida ilianza na kitu kilichofanana na baraka. Vipuri vikawa haba, mzigo ukachelewa. Sasa mteja akijua atangoja, anafanya nini? Anaagiza kwa huyu na kwa yule. Atakayeleta kwanza ndiye atalipwa, wengine anawakatizia. Kwa hivyo rundo la oda likanona kuliko mahitaji yenyewe. Tena baadhi ya wateja walikuwa kampuni changa ambazo Cisco yenyewe iliwakopesha pesa za kununua vifaa vyake.

Cisco ikaliamini rundo lile, ikaagiza vipuri kwa wingi ili isichelewe tena. Halafu pesa za kampuni changa zikakauka, na oda zikayeyuka ndani ya miezi michache. Februari 2001 ikakosa makadirio kwa senti moja tu kwa kila hisa. Mei ikafuta kwenye vitabu mali ya stoo ya zaidi ya dola bilioni 2. Mwaka huo watu kama 8,500 walipangiwa kuachishwa kazi. Kufikia 2002 hisa ilikuwa imeshuka chini ya dola 10. Aliyenunua kileleni alingoja zaidi ya miaka 20 kuiona bei yake tena.

Kinachoniuma ni kwamba intaneti haikuwa uongo, na Cisco ipo hadi leo. Kila mteja alikuwa anajilinda tu. Kujilinda kwao kukajumlishwa, kukaitwa mahitaji.

Mbona nawaletea stori ya zamani? Septemba 2025 Oracle ilitangaza mikataba ya dola bilioni 455 ambayo bado haijageuka kuwa mapato. Faida ya robo hiyo ilikuwa chini kidogo ya matarajio, lakini hisa iliruka karibu asilimia 36 kwa siku moja. Vyombo vya habari viliripoti kwamba sehemu kubwa ya mikataba hiyo ni ya OpenAI, ambayo bado inapata hasara. Binamu yangu akaniambia tuweke pesa za chama huko, "si oda ziko?"

Sisemi Oracle itaanguka. Mkataba uliotiwa sahihi una uzito kuliko "niwekee moja". Lakini kabla sijatoa hata shilingi ya chama, nataka kujua: ni nani ameagiza? Anaweza kukatiza? Na pesa za kulipa anazitoa wapi?

Binamu hajanijibu mpaka leo.

Na kama kuna mtu anataka tisheti, saizi zote ziko. Ila mara hii, lipa kwanza.