Greatest Hits (albamu ya Simply Red)

Greatest Hits ni albamu ya mkusanyiko ya Simply Red, bendi ya Manchester, Uingereza. Ilitoka mwaka 1996 ikashika nafasi ya kwanza nchini humo. Nguzo yake ni sauti ya Mick Hucknall, hasa katika "Holding Back the Years", wimbo aliotunga kuhusu mama yake aliyeiacha familia: anaimba taratibu, huku tarumbeta iliyozibwa mdomo ikimjibu kwa mbali. "If You Don't Know Me by Now" ni wimbo ulioimbwa kwanza na Harold Melvin & the Blue Notes wa Philadelphia. Nyimbo hizi mbili za Simply Red ziliongoza chati za Marekani, mwaka 1986 na 1989. "Angel", wimbo wa Aretha Franklin ulioimbwa upya hapa, haufikii ule wa awali. "Fairground" bado unachezeka.