Wanawake katika taaluma ya hifadhi ya jamii: Kazi ya kulinda akiba ya mfanyakazi

Mfanyakazi anapoajiriwa kwa mara ya kwanza, jambo linalomshughulisha ni mshahara atakaoupokea mwisho wa mwezi. Makato ya hifadhi ya jamii huyaona kama tarakimu iliyokaa kwenye karatasi ya mshahara, na wengi hawarudi kuitazama tena hadi miaka michache kabla ya kustaafu. Katika kipindi hicho chote, fedha hiyo huwa mikononi mwa watu wengine: wapo wanaoikusanya, wanaoiwekeza, wanaopima kama Mfuko utaweza kulipa miaka 30 ijayo, na wanaokaa dirishani kumweleza mstaafu kiasi anachostahili. Sehemu kubwa ya kazi hiyo nchini Tanzania sasa inafanywa na wanawake, ingawa nafasi zao katika ngazi za juu za uamuzi zimepatikana polepole kuliko katika meza za huduma.

Tanzania Bara ina mifuko miwili ya pensheni. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) ulianzishwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2018 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti, 2018, baada ya kuunganishwa kwa mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), ambao chimbuko lake ni Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi wa mwaka 1964, unahudumia sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri. Zanzibar inao Mfuko wake wa Hifadhi ya Jamii (ZSSF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998.

Wakati wa kuunganishwa, mifuko yote minne iliyounda PSSSF ilikuwa chini ya wakurugenzi wakuu wanaume. Hata hivyo, chombo kilichokuwa kikiisimamia mifuko hiyo kiliongozwa na mwanamke. Mamlaka ya Udhibiti na Usimamizi wa Sekta ya Hifadhi ya Jamii (SSRA) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza alikuwa Irene Isaka.

Kazi aliyokabidhiwa haikuwa nyepesi. Kila mfuko ulikuwa na sheria yake, kanuni zake za mafao na namna yake ya kugombea wanachama. Watumishi wawili wenye mshahara sawa na muda sawa wa utumishi waliweza kustaafu siku moja na kulipwa mafao yanayotofautiana kwa sababu tu walisajiliwa katika mifuko tofauti. Kanuni za kuoanisha mafao zilizotolewa mwaka 2014 ndizo zilizoanza kuziba pengo hilo kwa wanachama wapya. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2012, ulizuka mjadala mkali kuhusu fao la kujitoa, hususan miongoni mwa wafanyakazi wa migodini, na mamlaka hiyo changa ililazimika kusimama mbele ya wafanyakazi wenye hasira na kueleza kwa nini akiba ya uzeeni isichukuliwe kila ajira inapokoma. Hoja ya wafanyakazi nayo ilikuwa na uzito: mtu asiye na kazi leo hawezi kula ahadi ya miaka 20 ijayo. Jibu la kisheria lilikuja baadaye, pale lilipowekwa fao la kukosa ajira, ambalo humpa mwanachama mwenye sifa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita.

SSRA haipo tena. Majukumu yake yalihamishiwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Dkt. Isaka mwenyewe aliteuliwa mwaka 2024 kuongoza Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF).

Wanawake wengine wameacha alama katika sekta hiyo kwa njia tofauti. Jenista Mhagama, akiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu mwenye dhamana ya kazi na ajira, ndiye aliyewasilisha bungeni muswada wa kuunganisha mifuko. Profesa Joyce Ndalichako, aliyeshika dhamana hiyo baadaye, alitangaza mwaka 2022 kanuni mpya ya kukokotoa mafao iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo. Bodi ya Wadhamini ya PSSSF imeongozwa na Joyce Mapunjo, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu Serikalini. Visiwani, Sabra Issa Machano alikuwa Mkurugenzi Mwendeshaji wa ZSSF, mfuko ambao uwekezaji wake unaonekana hata na asiye mwanachama, kwa mfano jengo la biashara la Michenzani mjini Unguja.

Majina hayo hutajwa katika taarifa za habari. Kazi ya kila siku, hata hivyo, imo katika vitengo ambavyo wananchi wengi hawavijui.

Kitengo cha matekelezo ndicho kinachohakikisha mwajiri anawasilisha michango. Kwa NSSF, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mwajiri hatakiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kwa PSSSF mtumishi huchangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Ofisa matekelezo hupita viwandani, mashambani, mahotelini na shuleni kukagua orodha za malipo. Hukutana na mwajiri aliyewakata wafanyakazi lakini hakuwasilisha, mwajiri aliyeandikisha watu 10 ilhali anao 40, na mwajiri ambaye kwa kweli biashara imemwelemea na anahitaji mpango wa kulipa malimbikizo kwa awamu. Kazi hii ilizoeleka kuonwa kuwa ya wanaume kwa sababu ya safari na mabishano yake. Dhana hiyo haina msingi. Kinachohitajika ni kuijua sheria, kusoma hesabu za mwajiri na kutoyumba anapopandisha sauti.

Kitengo cha mafao ndicho chenye kubeba hisia nyingi zaidi. Hapo ndipo anapofika mjane mwenye cheti cha kifo, cheti cha ndoa na barua za usimamizi wa mirathi, mara nyingine akiwa ameongozana na ndugu wa marehemu wanaotoa maelezo yasiyolingana na yake. Hapo pia ndipo mstaafu anapotaka kuelezwa kikokotoo, na maelezo ya jumla hayamtoshi.

Kanuni yenyewe si ngumu ikielezwa kwa mfano. Huchukuliwa wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu katika miaka 10 ya mwisho ya utumishi, ukazidishwa kwa idadi ya miezi aliyochangia mwanachama, kisha ukagawanywa kwa 580. Jibu ni pensheni ya mwaka. Sehemu yake hulipwa kwa mkupuo baada ya kuzidishwa kwa 12.5, na sehemu inayobaki hugawanywa kwa miezi 12 ili kupata pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2022 sehemu ya mkupuo iliwekwa kuwa asilimia 33. Baada ya malalamiko ya wafanyakazi, Serikali ilitangaza katika bajeti ya mwaka 2024/25 kuipandisha hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao awali walikuwa katika kundi la kulipwa asilimia 50, na hadi asilimia 35 kwa waliokuwa katika kundi la asilimia 25.

Kwa mtumishi wa kundi la asilimia 40 mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi na miezi 360 ya kuchangia, pensheni ya mwaka ni takribani shilingi 7,448,276. Mkupuo wake ni shilingi 37,241,379 na pensheni ya kila mwezi ni shilingi 372,414. Mwenzake mwenye mshahara huo huo lakini aliyechangia miezi 300 atapata mkupuo wa shilingi 31,034,483 na pensheni ya shilingi 310,345 kwa mwezi. Tofauti ya miaka mitano ni zaidi ya shilingi 62,000 kila mwezi, kwa maisha yote yaliyosalia. Aliyechangia chini ya miezi 180 hana sifa ya kupata pensheni ya kila mwezi kabisa.

Miezi hiyo 60 iliyopungua ndiyo inayowagusa wanawake moja kwa moja. Wako wanaoacha kazi kulea watoto, kumfuata mwenza aliyehamishwa au kumuuguza mzazi, na wengi hudhani athari ya uamuzi huo ni mshahara wa miaka ile tu. Likizo ya uzazi ya siku 84 haiathiri hesabu, kwa kuwa mtumishi huendelea kuwa kazini kisheria. Kinachoathiri ni kuacha ajira. Ofisa anayeifahamu hali hiyo humweleza mwanachama mapema, akiwa bado na umri wa kupanga. Hii ni sababu mojawapo ya wanawake kuhitajika katika taaluma hii, lakini isichukuliwe kuwa ndiyo pekee. Mwanamke aliyebobea katika uwekezaji hapaswi kuhamishiwa kitengo cha elimu kwa umma kwa kigezo kwamba anajua kuzungumza vizuri na kinamama.

Uwekezaji na tathmini ya uhai wa mifuko ndivyo vitengo ambavyo milango yake imefunguka kwa kuchelewa. Mifuko huweka fedha katika hati fungani za Serikali, hisa, amana za benki, majengo na viwanda. NSSF ilishirikiana na Serikali kujenga Daraja la Nyerere, Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, na ni mbia mkuu katika mradi wa sukari wa Mkulazi mkoani Morogoro. PSSSF inashirikiana na Jeshi la Magereza katika kiwanda cha ngozi mjini Moshi. Mchambuzi anayeidhinisha mradi wa aina hiyo anaweka rehani pensheni za watu ambao hatawahi kukutana nao. Mtaalamu wa takwimu bima, kwa upande wake, hukadiria watu watakaostaafu, muda watakaoishi na fedha zitakazohitajika. Anapokosea kwa kiasi kidogo leo, kosa hilo hukua kila mwaka.

Mafunzo ya fani hizo yanapatikana hapa nchini. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) hutoa shahada ya hifadhi ya jamii na ya takwimu bima, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha takwimu bima. Wahitimu wa sheria, uhasibu, uchumi na teknolojia ya habari pia huajiriwa na mifuko. Msichana anayetaka kuifuata takwimu bima anapaswa kulinda somo la hisabati tangu sekondari, kwa kuwa wengi hupotea njia pale wanapochagua tahasusi za kidato cha tano.

Eneo linalohitaji nguvu mpya zaidi ni sekta isiyo rasmi. Mama lishe, mshonaji, mkulima wa mwani na muuza mbogamboga hawana mwajiri wa kuwakatia michango. NSSF inawaruhusu wanachama wa hiari kuchangia kwa siku, wiki, mwezi au msimu, kulingana na kipato chao, na malipo yanaweza kufanyika kwa simu. Kinachokwamisha mara nyingi ni imani: mwanamke aliyezoea kijumbe wa mchezo anayemfahamu kwa sura hataki kumpa fedha mtu asiyemjua. Ofisa anayetumwa sokoni hulazimika kurudi mara ya pili na ya tatu, akiwa na taarifa ya michango ya mwanachama aliyejiunga wiki iliyopita, ili wenzake waione kwa macho.

Nafasi za ajira katika mifuko ya umma hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na waombaji hutuma maombi kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa Ajira Portal. Mwanachama wa PSSSF anayetaka kuhakiki kumbukumbu za michango yake anaweza kutumia huduma ya PSSSF Kiganjani, na anayebaini mwezi uliorukwa anashauriwa kufika ofisi ya mkoa akiwa na karatasi za mshahara za kipindi husika.