Urejeshaji wa safu ya RAID

Urejeshaji wa safu ya RAID ni kazi ya kuokoa data baada ya diski kufa katika kundi la diski zinazotumika kama moja. Wazo la RAID lilielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Kati ya viwango vyake, RAID 1 hutunza nakala pacha. RAID 5 hustahimili kifo cha diski 1, RAID 6 diski 2. RAID 0 haistahimili chochote. Siri ya RAID 5 ni pariti: diski tatu zikiwa na biti 1, 0 na 0, ya nne huandikwa 1 ili idadi ya moja iwe shufwa. Ikipotea yoyote, zilizobaki huifichua.

Hatari kubwa ni saa za kuijenga safu upya. Diski ya terabaiti 12, ikiandikwa kwa megabaiti 200 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 16, huku diski nyingine, mara nyingi za umri mmoja, zikisomwa zote. Kabla ya kuchomoa, fundi hana budi kuhakikisha namba ya diski mbovu. Kuchomoa diski isiyo mbovu kwaweza kuua safu. Zikifa diski nyingi kuliko safu inavyostahimili, seva izimwe, kila diski inakiliwe, na majaribio yafanywe kwenye nakala tu.

RAID si hifadhi rudufu: faili iliyofutwa hufutika kote. Ofisi ya mjini Meru yaweza kuweka nakala Embu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 huzingatia uwezo wa kurejesha data binafsi kwa wakati baada ya hitilafu.