Red Rum: farasi aliyezikwa kando ya nguzo ya ushindi

Alipokufa Red Rum tarehe 18 Oktoba mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 30, habari hiyo ilipewa kurasa za mbele za magazeti ya Uingereza, nafasi ambayo kwa kawaida huwekewa wafalme na mawaziri wakuu. Alizikwa katika uwanja wa Aintree, mjini Liverpool, kando ya nguzo ya kumalizia mbio.

Asili yake haikuashiria makuu. Alizaliwa Ireland mwaka 1965, akakusudiwa mbio fupi zisizo na viunzi. Grand National ya miaka hiyo ilikuwa kinyume kabisa: zaidi ya kilomita 7, na viunzi 30 vya kuruka. Mwaka 1972 Ginger McCain, dereva wa teksi na mwuzaji wa magari yaliyokwisha tumika katika mji wa Southport, alimnunua kwa gini 6,000 kwa niaba ya mzee Noel le Mare. Zizi lilikuwa nyuma ya duka la magari, na farasi walifanyishwa mazoezi ufukweni. Punde ikagundulika kwamba farasi huyo mpya anachechemea. Alikuwa na maradhi ya mfupa ulio ndani ya ukwato, ambayo huwakatishia farasi wengi kazi. McCain akamwingiza baharini. Akatoka akitembea sawasawa.

Mwaka 1973 Crisp, farasi kutoka Australia aliyebeba uzito uliozidi wake kwa kilo 10 hivi, alitangulia kwa umbali ulioonekana hauzibiki. Karibu na nguzo nguvu zikamwishia, na Red Rum akampita kwa robo tatu ya urefu wa farasi, katika muda wa dakika 9 na sekunde 1.9, rekodi ya wakati huo. Wengi walimhurumia Crisp, na walikuwa na haki. Lakini mwaka uliofuata Red Rum mwenyewe alibebeshwa kilo 76, akashinda tena. Akawa wa pili mwaka 1975 na 1976. Kisha mwaka 1977, akiwa na miaka 12, akashinda mara ya tatu. Hakuna farasi mwingine aliyefikia hapo.

Miaka hiyo Aintree yenyewe ilikuwa hatarini. Familia ya Topham iliuza uwanja mwaka 1973 kwa mfanyabiashara wa majumba, na mara kwa mara ilisemwa kwamba mbio zijazo ndizo za mwisho. Mwaka 1975 viingilio vilipandishwa, watazamaji wakapungua sana. Jockey Club iliununua uwanja huo mwaka 1983, baada ya umma kuombwa michango. Ni vigumu kuamini kwamba watu wangetoa fedha zao kama wasingekuwa na farasi huyu wa kumkumbuka.

Mwaka 1978, siku moja kabla ya kuwania ushindi wa nne, ufa mwembamba katika mfupa ulimstaafisha. Hakupumzika. Alifungua maduka, akatembezwa mbele ya umati, na kwa miaka kadhaa aliongoza gwaride la washindani kabla ya mbio za Aintree. McCain alishinda tena mwaka 2004 kwa farasi mwingine, Amberleigh House, akafariki mwaka 2011. Wapenzi wa mbio huendelea kuweka maua juu ya kaburi la Red Rum.