Hidaya Iliyotiwa Moto

Mwezi wa Januari 1910 iliwasili Washington shehena ya micheri 2,000, hidaya ya mji wa Tokyo kwa taifa la Marekani, nayo ilingojewa kwa shauku, kwani Bibi Helen Taft, mkewe Rais, alikwisha azimia mandhari ya mto Potomac ipambwe kwa maua yake. Walakini wakaguzi wa Wizara ya Kilimo walipoichunguza waliona mizizi imefanya vinundu kwa minyoo, wadudu-gamba wameganda juu ya maganda, na mashina yametobolewa. Na Charles Marlatt, aliyekaimu ukuu wa idara ya wadudu, akashauri iteketezwe yote. Tarehe 28 Rais akaridhia, na hidaya ya dola rafiki ikatiwa moto.

Ajabu ni kwamba zama hizo hapakuwa na sheria ya serikali kuu ya kumzuia mfanyabiashara kuingiza miche yenye maradhi yayo hayo, ilhali tangu 1904 ukungu uliokuja kuthibitika kuwa asili yake ni Asia ulikuwa umeonekana New York, ukiangamiza michesnati ya kienyeji.

Yukio Ozaki, Meya wa Tokyo, hakughadhibika. Vikonyo vilikatwa katika micheri mashuhuri ya kingo za mto Arakawa, vikapandikizwa juu ya mashina mapya, vikalelewa kwa hadhari na kufukizwa dawa kabla ya safari. Hata miti 3,020 ilipofika Machi 1912, wakaguzi hawakuwa na la kulaumu. Tarehe 27 Bibi Taft na mkewe balozi wa Japani walipanda miwili ya kwanza, na Agosti 20 mwaka ule ule Sheria ya Karantini ya Mimea ikapitishwa.

Marlatt hakutosheka. Amri namba 37, iliyotolewa chini ya sheria hiyo na kuanza kutumika 1919, ilipiga marufuku kuingiza sehemu kubwa ya mimea ya mapambo, na udongo mizizini kabisa, hata David Fairchild, msafiri mtafuta mbegu aliyekua naye Kansas, akaipinga waziwazi. Na wapenda bustani wengi walinong'ona kuwa ni hila ya kuwalinda wenye vitalu vya nyumbani. Kwa rai yangu, Marlatt alikuwa na haki mwaka 1910, lakini mwaka 1919 akapindukia mpaka. Na aliyeonyesha njia iliyo bora kuliko zote ni Tokyo, iliyosafisha miche yake kabla haijapakiwa merikebuni.

Mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, wa mwaka 1951, nao unataka cheti cha afya ya mmea kitolewe na nchi inayoupeleka.