Mizania ya Mwaka 2020: Imani, Sayansi na Siasa ya Kuhesabu Wafu

Mwaka 2020 ulipofungwa, maelezo mepesi yalikuwa yameshaenea Afrika Mashariki: kwamba korona imezigombanisha dini na sayansi, na kila nchi imechagua upande wake. Tanzania ilisemwa imechagua sala. Kenya, barakoa na takwimu. Makala haya yanayapinga maelezo hayo. Hoja yangu ni kwamba mvutano mkubwa wa mwaka ule ulikuwa baina ya watawala na wajibu wao wa kutoa hesabu kwa wananchi. Dini na sayansi, kila moja kwa zamu yake, ziligeuzwa ngao ya kuukwepea wajibu huo.

Tuanze na Tanzania. Machi 22 Rais John Magufuli, akiwa kanisani Dodoma, alihimiza nyumba za ibada ziendelee kuwa wazi. Aprili 17 hadi 19 zikawa siku 3 za maombi ya kitaifa. Taifa kumlilia Mungu wakati wa balaa si kosa, na msomi anayelicheka jambo hilo hawajui watu wake. Kasoro ilikuja baadaye. Wagonjwa walipofikia 509 na waliofariki 21, serikali iliacha kutangaza takwimu. Mei 3 Rais, mwenye shahada ya uzamivu ya kemia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilirudi na majibu ya kuwa na virusi. Juni akatangaza kwamba Mungu ameiondoa korona nchini.

Hapa panahitaji utulivu wa fikra. Kushuku kipimo ni haki, tena ni desturi ya sayansi yenyewe. Lakini mtafiti anayeshuku kipimo hurekebisha kasoro na kupima upya. Vivyo hivyo, mwenye yakini kwamba dua yake imejibiwa hana sababu ya kuogopa idadi ya wagonjwa. Hakuna kanuni ya kemia wala ya ibada inayoamuru daftari lifungwe. Uamuzi wa kulifunga ulikuwa wa kisiasa, nao unapaswa kujadiliwa hivyo.

Kwamba dini yenyewe hailazimishi ukimya huo, historia inatoa ushahidi mzito. Ibn Hajar al-Asqalani (1372–1449), bingwa wa Hadithi wa Misri aliyefuata madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao wetu, aliandika kitabu kizima juu ya tauni, maradhi yaliyomuulia mabinti zake. Humo anasimulia tauni ya Cairo ya mwaka 833 Hijria, sawa na 1430. Kabla watu hawajakusanyika, waliokuwa wakifa hawakufikia 40 kwa siku. Wakafunga siku 3, kisha wakatoka kwa wingi kwenda jangwani kuomba pamoja. Mwezi ule haukwisha kabla ya vifo kupita 1,000 kwa siku. Mwanazuoni huyu hakuacha kuamini dua; alihoji mkusanyiko, na alihoji kwa hesabu. Hakuona kwamba kuandika idadi ya wafu ni kumvunjia Mungu heshima. Naye alikuwa na mfano uliomtangulia: Khalifa Umar alipopata habari za tauni ya Sham aligeuza msafara, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari, alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu.

Kenya nayo isisifiwe haraka. Ni kweli Wizara ya Afya ilisoma takwimu kila siku, na baraza la viongozi wa dini mbalimbali chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria liliandaa taratibu za kufungua ibada mwezi Julai, waumini wasizidi 100 na ibada isizidi saa moja. Huo ulikuwa ushirikiano wa kupigiwa mfano. Lakini katika nchi hiyohiyo, polisi waliokuwa wakisimamia kafyu waliua raia, akiwemo mtoto wa miaka 13 aliyekuwa kwenye roshani ya nyumba yao jijini Nairobi. Baadaye ikazuka kashfa ya ununuzi wa vifaa vya korona katika KEMSA, mamlaka ya serikali ya kununua vifaa vya tiba. Kauli ya kwamba serikali inafuata ushauri wa wataalamu haikujibu swali la risasi wala la fedha. Kusini mwa Namanga, mpakani mwa nchi hizi mbili, jina la Mungu lilifunika takwimu. Kaskazini yake jina la sayansi lilifunika mengine. Mwananchi alinyimwa majibu pande zote mbili.

Habari njema kuliko zote za mwaka ule barani zilipita kwa kelele chache. Agosti 25 Afrika ilithibitishwa kuwa huru na virusi asilia vya polio. Safari ya kufika hapo ilikwama mwaka 2003, baadhi ya majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, likiwemo Kano, yaliposimamisha chanjo kwa hofu kwamba inafunga uzazi. Hofu hiyo ilikuwa na kumbukumbu nyuma yake: mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa kwa watoto wa Kano, na familia zikaenda mahakamani zikidai hazikuombwa ridhaa. Aliyeivunja imani ya Kano kwa chanjo alitoka upande wa sayansi yenye fedha. Na waliosaidia kuirudisha ni pamoja na masultani, maimamu na wanawake waliobisha hodi nyumba kwa nyumba.

Kimataifa, somo lilikuwa lilelile. Julai Marekani ilitoa taarifa rasmi ya kujitoa katika Shirika la Afya Duniani. Oktoba 2 India na Afrika Kusini ziliomba Shirika la Biashara Duniani lilegeze haki za ubunifu ili chanjo na dawa zitengenezwe kokote. Mataifa tajiri yalipinga, na uamuzi wenye mipaka mingi ukapatikana Juni 2022. Waliotuhimiza tuiamini sayansi ndio waliowafungia wengine mlango wa kutengeneza matunda yake.

Mwaka 2021 ulitoa hukumu ya wazi. Januari maaskofu Wakatoliki wa Tanzania waliwatahadharisha waumini juu ya wimbi jipya, serikali ikiwa bado kimya. Baada ya kifo cha Rais Magufuli mwezi Machi, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikarejea, na Julai 28 alichanjwa hadharani. Misikiti na makanisa hayakufungwa ili hayo yawezekane, wala hakuna aliyetakiwa kupunguza dua. Kilichobadilika ni utayari wa dola kusema ukweli.

Basi wajibu wetu uko wazi. Wasomi wa dini waitetee hesabu ya wafu kama amana, kwa kuwa kila aliyezikwa ana haki ya kutambuliwa. Wanasayansi wadai ridhaa na usawa kwa sauti ileile wanayodai nayo kuaminiwa. Na mtawala akisimama mimbarini au mbele ya maabara, tumsikilize kwa adabu, kisha tumwombe daftari.