Shiraz ya Milimani, Kilwa ya Pwani: Urithi wa Uajemi kwa Macho ya Nyanda za Juu Kusini

Shiraz ni mji wa kale wa Uajemi, nchi ambayo leo inaitwa Irani. Umekaa katika bonde la milima ya Zagros, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Makambako na chini zaidi ya Njombe, ambayo inakaribia mita 2,000. Bahari iko mbali, nyuma ya safu kadhaa za milima. Hata hivyo, jina la mji huo usio na bandari limeshikwa na watu wa mwambao wa Afrika Mashariki kuliko jina la mji mwingine wowote wa ng'ambo. Kilwa, Unguja, Pemba, Mafia na Ngazija, kote huko wapo waliojiita Washirazi na wanaoendelea kujiita hivyo. Ni haki kuuliza jina la mlimani lilishukaje mpaka baharini, na lilipofika huku lilikuta nini.

Eneo la Shiraz lilikuwa na watu tangu zamani za kale. Kiasi cha kilomita 60 kaskazini-mashariki yake yapo magofu ya Persepolis, makao ya fahari ambayo mfalme Dario wa Kwanza alianza kuyajenga mnamo mwaka 518 KK na ambayo Aleksanda wa Makedonia aliyateketeza mwaka 330 KK. Shiraz yenyewe ilikua baada ya Uislamu kuingia Uajemi, ikawa mji wa utawala mwishoni mwa karne ya 7. Katika karne ya 10 ilistawi chini ya nasaba ya Buwayh, hasa enzi ya Adud al-Dawla. Washairi Saadi na Hafidh, waliozikwa huko katika karne ya 13 na ya 14, waliipa sifa ambayo hakuna mfalme aliyeweza kuipa. Mgeni wa leo huonyeshwa makaburi yao yaliyo ndani ya bustani, Lango la Kurani kwenye njia ya kaskazini, na ngome, soko na msikiti wa Karim Khan Zand, aliyeufanya mji huo makao makuu yake katika karne ya 18.

Kiungo kati ya Shiraz na bahari kilikuwa Siraf, bandari iliyo kwenye ufuo mkavu wa Ghuba ya Uajemi, chini ya milima. Bidhaa zilipanda kutoka Siraf kwa misafara ya wanyama, zikapita mabonde na vilele hadi zikafika nyanda za juu za Fars, ulipo mji wa Shiraz. Katika karne ya 9 na ya 10 wafanyabiashara wa Siraf walikuwa matajiri wa kutajwa, wenye vyombo vilivyokwenda Uhindi, China na nchi ya Wazanji, yaani mwambao wetu. Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, alieleza kwamba nyumba za Siraf zilijengwa kwa msaji na kwa mbao zilizoletwa kutoka nchi ya Wazanji. Kwenye ufuo ule hapakuwa na miti ya maana, kwa hiyo boriti za mikoko ya Afrika Mashariki zilikuwa mali. Vyombo vilivyokuja kuchukua boriti na pembe vilileta mitungi yenye rangi ya buluu na kijani, na vigae vyake vimechimbuliwa Unguja Ukuu, Manda, Shanga na Kilwa. Mwaka 977 tetemeko la ardhi liliharibu Siraf, na fahari yake ikaanza kufifia. Hata hivyo safari za baharini ziliendelea, na watu wa Ghuba walikuwa wameshaijua njia.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Ali bin al-Hasan. Tarikh ya Kilwa, inayojulikana kwa nakala ya Kiarabu na kwa muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapishwa mwaka 1552, inamtaja kuwa mtoto wa mtawala wa Shiraz. Katika masimulizi ya Kireno, mama yake alikuwa Mhabeshi, ndugu zake wakamdharau, naye akaondoka kutafuta nchi yake mwenyewe. Nakala ya Kiarabu inasimulia juu ya majahazi saba, kila moja likatia nanga mahali pake, na lake likafika Kilwa. Kisiwa akakinunua kwa mwenyeji wake kwa nguo za kutosha kukizunguka chote.

Habari hii ilisomwa kwa kupitiliza kwa muda mrefu. Waandishi wengi wa wakati wa ukoloni waliifanya hati ya kuthibitisha kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na wageni, na kwamba Mwafrika alikuwa mpangaji tu katika nyumba zake mwenyewe. Uchimbaji umelivunja dai hilo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta makazi yaliyotangulia majengo ya mawe, na kijiji cha kwanza kisiwani hapo ni cha mnamo mwaka 800: nyumba za miti na udongo, uvuvi, vyungu vya wenyeji. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe katika miaka ya 1980 akakuta misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8. Mji ulikua kutoka ndani yake wenyewe, hatua kwa hatua, na wageni wakaukuta ukiendelea kukua.

Lakini itakuwa kosa vilevile kulitupa jina la Shirazi kama hadithi tupu. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wa miji ya mwambao, waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wa watu hao wa mijini, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, hasa upande wa kike. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, na asilimia 80 hadi 90 ya asili hiyo ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Mchanganyiko ulianza mnamo mwaka 1000, wakati uleule ambao masimulizi ya Washirazi yanaugusa. Kwa hiyo wazee waliosimulia juu ya babu wa Kiajemi hawakubuni. Ila tarikh ilimtaja baba ikamsahau mama, na lugha ya mama ndiyo iliyobaki midomoni mwa watoto: Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na hakuna mji wowote wa pwani uliogeuka kusema Kiajemi. Wala Usunni wa Washirazi wa pwani haupingani na asili hiyo, kwa kuwa Uajemi ulifanywa nchi ya Kishia na wafalme wa Safawi kuanzia mwaka 1501, karne nyingi baada ya safari hizo.

Kilwa Kisiwani ndipo mahali pa kuona jambo hili kwa karibu. Msikiti Mkuu una sehemu mbili. Ile ya kaskazini ni ndogo na ya zamani zaidi, mwanzo wake ukiwa karne ya 11. Ile ya kusini, yenye matao, makuba na nguzo nyingi, iliongezwa katika karne ya 14, ikaanguka na kujengwa upya katika karne ya 15. Mawe yake ni matumbawe. Matumbawe laini yalikatwa baharini yakiwa bado mabichi, yakachongwa mapema kwa sababu hukauka na kuwa magumu yakikaa hewani. Matumbawe mengine yalipangwa juu ya kuni na kuchomwa mpaka yakawa chokaa. Mtu akisogea kwenye ukuta bado anaona vijitundu vya mdudu wa baharini ndani ya jiwe la mihirabu. Kazi hiyo ni ya mafundi waliozijua bahari na mikoko ya hapohapo. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri. Sultani huyo hakuwa wa ukoo wa Washirazi; nasaba ya Mahdali, yenye asili ya Yemeni, ilikuwa imeshashika utawala. Ndiye aliyejenga kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari.

Utajiri uliojenga hayo yote ulitoka bara. Dhahabu ilichimbwa kwenye uwanda wa juu wa Zimbabwe, ikashuka Sofala, kisha ikapandishwa pwani hadi Kilwa. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu kwenyewe. Wareno walipoishambulia Kilwa mwaka 1505 walikuwa wanaifuata dhahabu hiyo.

Unguja kuna ushahidi wa aina nyingine. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kwenye ukuta wa kibla, yapo maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijiria, sawa na 1107. Makunduchi, si mbali na hapo, kila Julai husherehekewa Mwaka Kogwa, unaotokana na Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi wa hesabu ya jua. Wanaume hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba. Jina lenyewe lilifika hadi kwenye siasa: chama cha Afro-Shirazi kiliundwa Februari 1957, na Februari 5, 1977 kiliungana na TANU kuunda Chama Cha Mapinduzi.

Njombe haina msikiti wa kale wala kaburi la Mshirazi, na haifai kubuniwa. Uhusiano wake na pwani ile ni wa baadaye na mchungu zaidi. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje, iliyorithi biashara ya kisiwa, ilipokea misafara ya pembe na watumwa kutoka nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa. Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi, nyuma ya Kilwa, na kufikia Septemba mwaka huohuo Wabena walikuwa wameshaishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Habari, imani na watu walikuwa wakisafiri kati ya mwambao na nyanda za juu kabla ya reli ya TAZARA kupita Makambako.

Msafiri wa Njombe anayetaka kuuona urithi huu hana sababu ya kuanzia Irani. Barabara ya kusini humpeleka Songea, Tunduru, Masasi na Lindi, kisha Kilwa Masoko. Hapo huchukua kibali na mwongozaji kabla ya kupanda chombo kuvuka mlango mwembamba wa bahari. Inafaa aende wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, na atenge siku nyingine kwa Songo Mnara, ambayo pamoja na Kilwa Kisiwani iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Magofu haya yaliwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 na yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mgeni asipande juu ya kuta, na kigae atakachokiona mchangani akiache palepale kilipo.